Upande wa Pili wa Santuri

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokuja na magita mgongoni, asanteni kwa kufika. Waliponialika waliniomba nizungumzie kazi ya mpiga gita wa studio, yule anayeitwa, anapiga, analipwa, anaondoka. Nikawaomba ruhusa nizungumzie mtu mmoja tu, kwa sababu nikimweleza huyo vizuri nitakuwa nimewaeleza wote.

Nimekuja na santuri mbili, zile ndogo za mizunguko 45. Hii ya kwanza ilikuwa ya marehemu baba. Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, "He'll Have to Go". Naona wazee mmeshaanza kutabasamu. Nani hapa hakulelewa na sauti hii? Kwetu ilikuwa Jumapili alasiri, mama anapiga sare zetu pasi ya makaa, redio iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hiyo sauti nzito inatoka polepole kana kwamba mtu ameketi nawe chumbani. Nyumbani kwetu Jim Reeves alikuwa kama mjomba aliyehamia mbali.

Nilipofika umri wa miaka kumi na minne nikaanza kushika gita, na mtu akishaanza kushika gita masikio yake hubadilika. Nikawa siusikilizi tena wimbo, nasikiliza kilicho chini ya wimbo. Nikataka kujua ni nani anayepiga gita hapa. Nikaichukua santuri, nikasoma ile karatasi ya katikati: jina la mwimbaji, jina la wimbo, majina ya watunzi kwa herufi ndogo, nembo ya kampuni. Basi. Nikamuuliza baba. Akaniambia, "Si yeye mwenyewe Jim Reeves? Hujaona kwenye picha ameshika gita?" Nikaamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku niliponunua albamu ya mkusanyiko iliyokuja na kijitabu ndani, na kijitabu kikaorodhesha wapigaji. Piano, Floyd Cramer. Besi, Bob Moore. Ngoma, Buddy Harman. Vibrafoni, ile marimba ya vyuma, Marvin Hughes. Gita, Hank Garland.

Siku hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeishi na mkono wa mtu huyu tangu utotoni na ndiyo kwanza nasikia jina lake.

Hank Garland alizaliwa tarehe 11 Novemba 1930, akapewa jina Walter Louis Garland, katika mji mdogo wa Cowpens, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Huko ni nchi ya pamba na viwanda vya nguo. Kama ilivyokuwa kwa wengi wetu, alichokuwa nacho ni redio, na kwenye redio alimsikia Maybelle Carter akipiga gita, akaanza kuwasumbua wazazi wake mpaka akapata lake. Alikuwa bado mtoto mdogo. Akiwa na miaka kumi na mitano tu, kiongozi wa bendi aitwaye Paul Howard alikutana naye katika duka la vyombo vya muziki, akamsikiliza, akamwita Nashville, jiji la muziki wa kantri, apige kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, kipindi mashuhuri cha redio. Mtoto akaenda. Lakini alikuwa chini ya umri wa kuajiriwa, ikabidi arudishwe nyumbani kungoja. Alipotimiza miaka kumi na sita alikuwa njiani tena.

Sasa vijana, hapa sikilizeni vizuri. Alipofika mjini alikuta wapiga gita waliomzidi. Mmoja wao, Billy Byrd, alikuwa anaujua muziki wa jazi. Garland akajisogeza karibu na watu kama hao, akajifunza, na usiku akawa anavifanyisha vidole vyake kazi. Akajitungia zoezi. Lilikuwa zoezi la kasi: mguu ukigonga sakafu mara moja, vidole viwe vimeshatoa noti nne, na piki, kile kipande cha kuchapia nyuzi, ishuke na kupanda bila kuruka hata moja.

(Hapa nilichukua gita nikawapigia kipande kidogo, kwanza polepole, kisha kwa kasi yake. Vidole vyangu vya sasa havikufika nusu ya kasi ile, lakini walisikia umbo lake.)

Mmesikia jinsi linavyocheza? Zoezi la kawaida la vidole linachosha masikio. Ukilipiga nyumbani, jirani anafunga dirisha. La Garland lilikuwa na mwendo wa ngoma, linakunyanyua kitini. Paul Cohen wa kampuni ya Decca alipolisikia aliona kuna kibao. Likarekodiwa mwaka 1949, gita tupu bila mwimbaji, likapewa jina "Sugarfoot Rag". Kijana hajafika hata miaka kumi na tisa.

Kisha likatokea jambo ambalo linanigusa kila nikilifikiria. Mwimbaji mkubwa wa enzi hizo, Red Foley, naye aliutaka wimbo huo. Mtunzi Vaughn Horton akatia maneno, Foley akaimba, Garland akapiga gita lake mlemle. Ukawekwa upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza ulikuwa na "Chattanoogie Shoe Shine Boy", wimbo uliovuma Marekani nzima mwaka 1950. Lakini watu waliigeuza santuri. Wakakuta gita. Upande wa pili nao ukapanda chati za kantri kwa nguvu zake wenyewe, na tangu hapo Garland akaitwa Sugarfoot mpaka mwisho wa maisha yake.

Sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa maana ya upande wa pili. Wazee wanakumbuka: santuri zetu za benga, na zile za rumba kutoka Kongo, wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza mwimbaji anasimulia habari yake, anataja majina ya marafiki, anamlilia mpenzi. Ukigeuza, mwimbaji amenyamaza na magita yamechukua uwanja. Anayetaka kucheza anageuza. Kwa hiyo nikisema Garland alitokea upande wa pili, ninyi mnanielewa kuliko watu wa Nashville wenyewe.

Na "He'll Have to Go" yenyewe, santuri hii ya baba? Ilirekodiwa Oktoba 1959, msimamizi akiwa Chet Atkins, naye gwiji wa gita. Ilipotoka nayo iliwekwa upande wa pili. Kampuni iliutegemea wimbo mwingine kabisa. Wapiga santuri wa redio wakaigeuza, na huu tunaoupenda ukakaa nambari moja ya kantri wiki kumi na nne.

Turudi nyuma kidogo. Kijana wa miaka kumi na tisa ana kibao cha gita tupu, ana jina, ana kasi ambayo wachache walikuwa nayo. Wengi wetu tungefanya nini? Tungeunda bendi, tukaandika jina letu kwenye ngoma kubwa, tukaupiga wimbo uleule miaka thelathini. Garland aliingia studio na kuanza kupigia wengine. Katika miaka ya 1950 Nashville palikuwa na kundi dogo la wapigaji ambao karibu kila santuri iliyotoka pale ilipita mikononi mwao. Grady Martin na Garland walibeba gita la mbele. Ray Edenton alishika ridhimu. Harold Bradley alikuwa na gita la besi la nyuzi sita, akiifuata besi kubwa ya kusimama noti kwa noti ili isikike vizuri kwenye redio ndogo. Kila mtu alijua kiti chake.

Mojawapo ya studio hizo, ya Owen Bradley na mdogo wake Harold, ilikuwa banda la bati la nusu duara, kama yale mabanda ya kijeshi mnayoyaona katika baadhi ya shule zetu kongwe, limepachikwa nyuma ya nyumba. Mnaingia, mna saa tatu, na katika saa hizo nyimbo nne zinatarajiwa. Wimbo mnausikia kwa mara ya kwanza palepale. Mtu anauimba au anaupiga kwenye gita, ninyi mnaandika namba kwenye kipande cha karatasi. Mfumo huo wa namba aliuanzisha Neal Matthews, mmoja wa waimbaji wa The Jordanaires: sauti ya msingi ni moja, nyingine inakuwa nne, nyingine tano. Faida yake ni kubwa. Mwimbaji akisema leo koo limekauka, tushushe sauti, hakuna anayefuta karatasi. Namba zinabaki zilezile, mnahama nyote pamoja.

Mnapiga chumba kimoja, wakati mmoja. Akikosea mmoja mnarudia wote. Mpiga gita mwenye papara anawagharimu wenzake.

Hapo ndipo nimekaa na Garland kwa miaka, nikimsikiliza. Katika "I Fall to Pieces" ya Patsy Cline, iliyorekodiwa Novemba 1960, gita lake ndilo linalofungua mlango. Noti chache tu. Anazipanga, anamwachia Patsy aingie, kisha anakuwa kama mtu aliyekaa pembeni ya mgonjwa: hazungumzi mpaka azungumzishwe. Mwanamke anaimba kwamba anavunjika vipandevipande, na yule mtu wa noti nne kwa kila pigo la mguu hapigi hata moja ya ziada. Sikilizeni tena wimbo wa Jim Reeves. Mwanamume yuko kwenye simu, anamwomba mpenzi wake asogeze mdomo karibu. Kama gita lingejitokeza, tungejua hawako wawili tu. Garland alijua hivyo. Gita lake liko pale, laini, unaliona ukilitafuta tu.

Mimi nasema hii ni kazi ngumu kuliko "Sugarfoot Rag". Kasi unaipata kwa mazoezi, kila siku, ukiwa peke yako. Kunyamaza huwezi kukufanyia mazoezi peke yako. Kunahitaji mwenzako aimbe, na wewe umpende kiasi cha kumsikiliza.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa upole pekee. Elvis Presley alipopata likizo fupi ya jeshi Juni 1958 akaingia studio, Garland alikuwepo, na kwenye "A Big Hunk o' Love" mnalisikia gita likikimbia kama gari lisilo na breki. Mwaka 1961 ni yeye tena kwenye "Little Sister", lile gita zito linalouvuta wimbo mzima kwa kamba. Machi mwaka huohuo alisimama nyuma ya Elvis kule Pearl Harbor, Hawaii, kwenye tamasha la kuchangia mnara wa kumbukumbu ya meli ya USS Arizona. Alimpigia Roy Orbison kwenye "Only the Lonely". Na Desemba ikifika, ukiingia supamaketi yoyote Nairobi au Mombasa, zile nyimbo mbili za Krismasi zisizokwisha, "Jingle Bell Rock" ya Bobby Helms na "Rockin' Around the Christmas Tree" ya Brenda Lee, zote zina mkono wake. Mnasukuma toroli la unga na mafuta, Hank Garland anawapigia.

Hata chombo chenyewe alikiacha na alama yake. Yeye na Billy Byrd walikaa na kampuni ya Gibson wakaeleza wanataka gita la namna gani, na mwaka 1955 likatoka gita linaloitwa Byrdland: Byrd na Garland, majina mawili yameunganishwa. Mwili wake mwembamba, na urefu wa uzi ni inchi 23 na nusu, mfupi kuliko magita mengi. Kwa nini? Vyuma vya shingo vikikaribiana, vidole vinaweza kushika noti zilizo mbali ambazo kwenye gita la kawaida zingekuvunja mkono. Fundi wa kushona anajua mkasi wake unavyotakiwa kukata. Hawa walijua.

Moyo wake ulikuwa kwenye jazi. Mchana studio, kantri. Usiku, kwenye klabu za Nashville, jazi. Mwaka 1960 alimchukua kijana wa miaka kumi na saba aitwaye Gary Burton, mpigaji wa vibrafoni, akampeleka studio pamoja na Joe Benjamin kwenye besi na Joe Morello, yule mpiga ngoma wa Dave Brubeck, mpiga piano wa jazi. Ikatoka albamu "Jazz Winds from a New Direction". Burton leo anahesabiwa miongoni mwa wakubwa wa chombo hicho duniani. Mwaka huohuo wanamuziki wa Nashville walialikwa kwenye tamasha la jazi la Newport, fujo zikazuka, tamasha likafungwa kabla hawajapiga. Wakaenda kupiga barazani kwa nyumba waliyofikia, na kampuni ikarekodi. Naipenda sana habari hiyo: jukwaa limefungwa, baraza lipo.

Septemba 1961 alipata ajali ya gari karibu na Springfield, Tennessee. Alikuwa na miaka thelathini.

Hakufa. Alipoteza fahamu kwa muda mrefu, na alipozinduka mikono ilikuwa imesahau. Hospitali wakamtibu kwa mshtuko wa umeme kichwani, kama ilivyokuwa desturi ya tiba ya wakati huo. Alirudi kwao, na mtu aliyeunda "Sugarfoot Rag" kama zoezi la vidole akaanza kuvifundisha vidole vilevile upya, noti moja, kisha nyingine. Kwa miaka. Akaweza kupiga tena, lakini kiti chake cha studio hakurudi kukikalia kamwe. Aliishi hadi tarehe 27 Desemba 2004, akafariki Florida akiwa na miaka 74. Hesabuni: alipiga studio miaka kama kumi na miwili, akaishi zaidi ya arobaini baada ya hapo akizisikia nyimbo zake redioni kila Krismasi.

Nikifika hapa huwa nashindwa kuendelea kwa haraka. Nisameheni.

Mpiga gita wa studio wa Marekani alilipwa kwa kikao, kiwango kilichokubaliwa na chama cha wanamuziki, santuri iuze elfu mbili au milioni mbili. "Sugarfoot Rag" ilimpa haki ya mtunzi kwa sababu jina lake lilikuwa pale kwenye karatasi ya katikati. Kwenye nyingine alikuwa mkono tu. Nawaambia hivi nikiwa naijua hali hiyo. Mwaka 1979 nilikuwa kijana River Road, Nairobi, nikaitwa kupiga solo kwenye santuri mbili. Mwenye studio alinilipa noti mkononi, akanipa na nauli, nikaondoka nikiwa na furaha tele. Miezi michache baadaye nikausikia wimbo ndani ya matatu, solo ni yangu, kila abiria anatikisa kichwa. Nikakimbia dukani kununua santuri. Jina langu halikuwepo. La mpiga besi halikuwepo. Kijana wa ngoma, ambaye ameshatutoka, la kwake halikuwepo pia. Sikulalamika wakati ule kwa sababu sikujua kwamba kuna cha kulalamikia.

Kwa hiyo nimefanya kitu kidogo. Bahasha ya santuri ya baba nimeiandika kwa kalamu yangu, kwa mkono, majina yote niliyowasomea mwanzoni, Cramer, Moore, Harman, Hughes, Garland, nikaongeza na waitikiaji wa Anita Kerr. Baba angeniuliza kwa nini naichafua. Nadhani angeelewa.

Santuri ya pili ni hii. Ni benga, ya miaka ya sabini, nimeinunua kwa mchuuzi wa vitu vikuukuu. Mwimbaji ameandikwa, mtakuja kumsoma hapa mezani. Lakini igeuzeni. Upande wa pili, dakika ya kwanza haijaisha, gita la solo linapanda juu ya lile la ridhimu na kufanya jambo ambalo nimejaribu kulipiga miaka ishirini na silipati. Nimeuliza River Road, nimeuliza Kisumu, nimewauliza wapigaji wa rika langu waliobaki. Hakuna aliyenipa jina.

Nitaipiga sasa. Wazee, naomba mtulie na mkono ule. Bahasha yake nimeiacha tupu hapa mezani, na kalamu iko juu yake.